Sufuria Iliyoitwa Harusini

Sogea kidogo unisikie vizuri, maana habari hii huwa naieleza taratibu, na kila nikifika mwisho navuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Nafanya kazi katika jumba la sanaa la chuo kikuu. Wenzangu huchagua vitu na kuvipanga. Kazi yangu mimi ni watu. Nawapokea wanafunzi, akina mama, wazee, yeyote anayeingia, nasimama naye mbele ya kitu na kumsaidia akitazame. Wengi huingia wakiogopa kwamba wataulizwa swali wasilolijua. Huwa nawaambia: sema unachokiona tu, tutaanzia hapo.

Mwaka ule tuliamua kutoka chuoni na kufanya maonyesho Kilwa Masoko, katika ukumbi wa kukodi, ili watu wa kwetu wasilazimike kwenda hadi Dar es Salaam kuona vitu vilivyotoka majumbani mwao. Maonyesho yalihusu vyombo vya shughuli. Kama hukukulia huku, shughuli ni harusi, ni maulidi, ni khitma ya kumwombea marehemu, na chakula chake hakitoshi katika vyombo vya nyumba moja. Kwa hiyo wanawake wa kijiji huwa na vyombo vyao vya pamoja, na mmoja wao anayeaminiwa huvitunza. Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka Masoko, mtunzaji huyo ni dada yake mama yangu, ambaye namwita mama mkubwa. Chombo kikubwa kuliko vyote alivyo navyo ni sufuria ya shaba, pana kiasi cha mtoto kuweza kuoga ndani yake.

Nilipokwenda kuiazima aliwaita wenzake uani. Baadhi walinung'unika. Yeye akasema, "Huyu mtoto wangu. Ikipatwa na jambo, mniulize mimi." Basi tukaibeba mchana ule ule, kwa kuwa boti ilikuwa inatusubiri. Ilikuwa imetoka kupikia khitma, imeoshwa ndani tu, nje imejaa masizi mazito.

Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Dokta, mwanamke wa bara aliyesomea utunzaji wa vitu vya sanaa, aliyapenda masizi yale kupita kiasi. Alivaa glavu, akatukataza hata kuipangusa. Akaiegemeza kwa ubavu juu ya meza katikati ya ukumbi, kitako kikiwaelekea watu, na taa juu yake. Mimi nikaandika maelezo ya ukutani, nikasema weusi ule ni kazi ya mikono ya wanawake wa vizazi na vizazi. Niliyapenda maelezo yangu.

Watu walikuja, wakapiga picha. Picha hazikawii kuvuka maji siku hizi. Jioni ile zilikuwa zimeshafika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Siku chache baadaye mama mkubwa akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni wangu hajambo huko?" akaulizia sufuria.

"Hajambo. Kila anayeingia anaanza kumsalimia yeye."

"Bado mweusi?"

"Mweusi vile vile, mama. Hakuna aliyemgusa."

Akaguna. Kisha akasema, "Basi mwambie arudi. Kuna harusi Ijumaa."

Harusi hiyo ilikuwa imepangwa kufanyika baada ya maonyesho kufungwa, lakini bwana harusi anafanya kazi mbali na likizo yake ilikuwa imesogezwa. Tatizo ni kwamba Jumamosi tulikuwa tunawatarajia wanafunzi wa shule kutoka Pande, waje kuichora sufuria hiyo hiyo, nami niliogopa haitarudi kwa wakati. Nikamwambia tutakodi sufuria nyingine hapa Masoko, kubwa, tutailipia sisi.

"Nipikie sufuria ya kukodi," akasema, "na yetu ipo ng'ambo inatazamwa? Upande wa bibi harusi watauliza, na wa kuulizwa ni mimi. Kuna mmoja ameshaniambia nimewapa watu wa chuo mali ya kijiji ili mwanangu apate cheo."

"Cheo gani, mama?"

"Hata mimi nimemuuliza hivyo."

Nilicheka, lakini nilijua si mzaha. Alikuwa amenidhamini mbele ya wenzake. Kama sufuria isingefika Ijumaa, vyombo vingehamishiwa nyumba nyingine, naye angekaa kwenye kila shughuli akijua watu wanajua sababu.

Nilimfuata Dokta nikamweleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza wageni. Yeye ana sheria moja: kitu kilichoingia kwenye maonyesho hakitoki mpaka yafungwe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ikienda, pale katikati tutaweka nini?"

"Hatuweki kitu. Tunaandika ilikokwenda."

"Sijawahi kuonyesha meza tupu maishani mwangu."

"Hii sufuria ni ya kupikia, Dokta. Tumewaambia watu ni ya shughuli, na sasa shughuli imeiita."

Alizunguka meza, akaangalia kitako kile cheusi. Mwishowe akasema, "Iende. Lakini na mimi naenda nayo."

Ijumaa asubuhi tuliweka kadi juu ya meza: *Sufuria imekwenda kupika harusini Kisiwani. Itarudi kesho.* Kisha tukaipeleka kwenye boti. Dokta alikuwa na glavu zake, na ameifunika sufuria kwa kanga ili maji yasirukie masizi. Mwenye boti alimtazama, akaniuliza, "Inaumwa?"

Mama mkubwa alikuwa amesimama ufukweni na wenzake. Hakunisalimia kwanza. Alifunua kanga, akaita, "Imefika, mnaiona wenyewe," na aliponigeukia uso wake ulikuwa umefunguka. Pilau ilipikwa ikatosha. Dokta alipewa mwiko wenye urefu wa kasia, akakoroga huku wanawake wakimhimiza, "Zungusha, Dokta, usiubembeleze." Jioni sisi tulivuka kurudi, sufuria tukaiacha, maana wageni walikuwa bado wanapakuliwa na mama mkubwa aliahidi kuileta asubuhi.

Jumamosi, kabla ya wanafunzi kufika, mama mkubwa aliileta mwenyewe. Akaondoa kanga, nami sikuitambua. Walikuwa wameisugua kwa mchanga, majivu na ndimu mpaka shaba nyekundu imetokea, ndani, nje, hadi kitakoni. Hapakuwa na doa la masizi. Nilimwangalia Dokta. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Sasa onyesheni," mama mkubwa akasema. "Siku ile mlinichukulia haraka, sikupata muda wa kuisugua. Halafu naletewa picha, mmeigeuza kitako mbele ya watu, cheusi, na taa mmekiwashia. Uchafu wangu umeonyeshwa dunia nzima. Tangu siku hiyo silali vizuri."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuuliza kama bado mweusi. Ukanijibu kwa furaha."

Dokta alivua glavu. Aliigusa sufuria kwa kiganja kitupu, akasema, "Mama, imependeza. Tuiweke namna gani?"

"Ikae kama sufuria inavyokaa. Mdomo juu."

Tukaiweka mdomo juu. Mama mkubwa akarudi nyuma, akaitazama, akashusha pumzi ndefu ambayo naisikia mpaka leo. Kisha akavuta kiti akaketi kando yake, na wanafunzi wa Pande walipoingia akawa anawaeleza yeye, mimi nikapumzika. Watoto waliinama juu ya sufuria wakaona sura zao zimepanuka kwenye shaba, wakacheka, wakachora walichokiona. Picha nyingi zilikuwa na mashavu makubwa.

Maelezo yangu ya ukutani niliyabandua. Nilimwomba mama mkubwa aseme mapya, nikayaandika kama alivyoyasema. Vyombo vya kijiji bado viko kwake, na mwaka uliofuata alituazima sinia bila hata kunung'unikiwa.

Kwa hiyo nawe, siku ukiazima kitu cha mtu ili watu wengine wakitazame, usikibebe kwanza. Muulize mwenyewe angependa kionekane vipi, kisha mpe muda akiandae.