Walipouliza Tuko Wangapi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nywele zangu zikiwa bado nyeusi, tulikuwa wanne ndani ya gari. Aliyeendesha ni Désiré, mtoto wa marehemu kaka yangu Bahati. Kando yake Papa Zakaria, shemeji yangu, mwenye mguu mbovu. Nyuma mimi na Furaha, binti yake wa kwanza. Tulitoka mtaani kwetu Koekelberg, huku ugenini, kwenda hospitali kule Woluwe, upande wa pili wa mji, maana mdogo wangu Vumilia, mke wa Zakaria, mama ya Furaha, alikuwa anamalizika. Asubuhi ile alimwomba infirmière, muuguzi wake, amwitie mtoto wake.

Mjini kulikuwa embouteillage, magari yamesongamana, donc Désiré akapitia ring, ile barabara kubwa inayozunguka mji. Gari likakohoa, likazima. Akatutoa upande wa kulia, tukasimama nyuma ya vyuma vya barabara, akaweka triangle ya kuonya magari, akaita dépannage, watu wa kuvuta magari.

Mwanamke wa simu aliuliza mengi. Tunaelekea wapi, kibao kilicho karibu kina namba gani, tuko wangapi, kuna mgonjwa, kuna haraka? Désiré akanigeukia, mimi mkubwa. Mwanangu, kwetu Kivu "muko bangapi, munaenda wapi" lilikuwa swali la watu wa bunduki pale barrière, walipofunga njia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikamwambia, "Sema tuko babili. Haraka hakuna. Mambo ya nyumba hayamuhusu." Akasema hivyo hivyo, wawili.

Furaha akafungua mdomo. Nikamshika mkono, akanyamaza, maana alilelewa vizuri. Leo natamani siku ile adabu ingempungukia kidogo.

Tulingoja sana, upepo wa malori ukitupiga. Alipofika yule wa dépannage, mtu wa makamo, mpole, akatuhesabu kwa kidole. Viti alikuwa navyo viwili, na ndani ya gari linalovutwa haruhusiwi mtu. Désiré akamsihi amchukue Furaha na baba yake awafikishe penye taxi. Akakataa, hawezi kuacha mtu hata mmoja pale kando ya barabara. Akasema kama tungesema ukweli, taxi ingetumwa pamoja naye. Bon, akaiita. Tukangoja tena.

Kabla haijafika, simu ya Furaha ikalia, ni hospitali. Alisikiliza, akasema merci madame, akaketi kwenye majani. Mama yake alikuwa amekwenda. Kabla ya kukata roho alimwita Furaha mara mbili.

Furaha aliniambia polepole, "Mama mukubwa, ule maman wa simu alikuwa anauliza juu atusaidie."

Angenitukana, labda ningepona.

Alors, mwanangu, gari likikuzimikia barabara kubwa, toka upande usiopita magari, simama nyuma ya vyuma, soma kibao. Kisha mwambie mtu wa simu yote. Hesabu kila kichwa, na mtoto, na mzee wa mguu mbovu. Mtaje unayekwenda kumwona. Lori la dépannage lina viti vichache, nao watakutumia kile ulichosema, si kile ulichoficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha safari, kifo kikanitangulia kufika.

Mungu akufikishe kwa wako wakiwa bado wanakuita jina.

Na kama nimekosea mahali, Désiré, Furaha, nanyi wote mnaosoma, munisahihishe. Kama Furaha siku ile alisema zaidi ya hapo, nami nimejisahaulisha, hilo pia munikumbushe.