Tulivyomtoa Kiprono Tukampata Odera

Siku yangu ya kwanza kazini nilitwishwa gunia la ngano kabla sijaulizwa jina. Kiwanda chetu cha unga kilikuwa karibu na reli pale Nakuru, na nyapara alitaka kwanza kuona kama mgongo wangu unafaa. Ulifaa. Jioni akaniuliza kama najua mpira, nikamwambia nilicheza hafu-beki katika shule ya misheni. "Basi kesho uje na kaptula," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi mbili kwa mpigo: ya magunia, ambayo niliiacha baadaye, na ya mpira, ambayo sikuiacha mpaka nilipostaafu.

Ninyi vijana mnaosikia wachezaji wakinunuliwa huku na huku, mjue kwamba miaka ile ya hamsini hakuna mtu aliyeajiriwa kucheza. Mchezaji alikuwa mpakiaji, dereva au mlinzi wa kampuni fulani, na jioni akavaa jezi ya kampuni hiyo. Ukimtaka mchezaji wa watu, ulimtafutia kazi kwako. Goti langu lilipoharibika nikafanywa mwalimu wa timu. Niliipaka mipira mafuta ya ng'ombe ili ngozi isinywe maji, nikajaza pumzi kibofu cha ndani, kisha nikazifunga kamba zake na kuzilaza vizuri, maana kamba ikijitokeza ilimchana mtu paji la uso akipiga kichwa.

Winga wetu wa kulia, yule wa kukimbia kando ya mstari na kuumimina mpira katikati, alikuwa Kiprono. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Kiamunyi, ambako mama yake alichuma pareto. Alikuwa mwembamba, mpole, na kila akiangushwa alicheka. Nilimpenda kama mdogo wangu. Lakini hakuwa amekomaa. Leo anakupa raha, kesho humwoni uwanjani ingawa yumo.

Bwana Welfea, mzungu aliyesimamia nyumba za wafanyakazi pamoja na timu, hakuwa na subira naye. Tulikuwa tumezoea kufika fainali na kushindwa. Na kule Rongai, kwenye ghala kubwa la nafaka, kulikuwa na sentafowadi aliyejulikana bonde zima, jina lake Odera. Jioni moja Bwana Welfea akaniita ofisini.

"Odera nakuja hapa, naendesha lori," akasema kwa Kiswahili chake. "Kiprono nakwenda Rongai."

"Bwana, yule kijana bado anakua. Mngojee kidogo."

"Kombe hapana ngoja, mwalimu. Mimi nataka mtu tayari."

Kumwambia Kiprono ikawa kazi yangu. Nilimkuta bombani akifua jezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikamua, akanipa ikiwa bado inachuruzika maji. "Basi mpe huyo mgeni," akasema. Jumapili mama yake akanisimamisha nje ya kanisa. Hakunigombeza. "Mwalimu, mimi nilidhani ni ng'ombe tu wanaobadilishwa," akasema, akaenda zake.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Odera, ila hakunipa nafasi. Alikuwa mtu wa kifua kipana na maneno mazuri, wa kumwamkia hata mfagiaji. Jioni yake ya kwanza uwanjani aliwatazama vijana kwa muda, halafu akanigeukia.

"Mwalimu, yule winga mwembamba aliyetusumbua mwaka jana yuko wapi?"

"Kiprono? Si mmebadilishana? Amekwenda Rongai. Hukuambiwa?"

Odera akakaa chini kwenye nyasi. "Niliambiwa kuna nafasi ya dereva tu. Ndugu yangu, mimi nilikubali kuja kwa sababu yake. Miguu yangu haina mbio tena. Mimi nangojea mpira kichwani. Sasa nani ataniletea?"

Msimu ule alisimama mbele ya goli kama mgeni aliyekaribishwa mezani na chakula hakijaiva. Tulipokwenda Rongai kucheza nusu fainali, Kiprono alimpita beki wetu atakavyo, akammiminia mpira sentafowadi wa kawaida kabisa, naye akafunga. Tukatolewa. Tukirudi, hakuna aliyeimba kwenye lori. Tuliposhuka Nakuru, Bwana Welfea akaniambia kwa sauti ya chini, "Kesho wewe nakwenda Rongai. Rudisha kijana."

Nilikwenda. Kiprono alinipokea vizuri, akanichemshia chai ya maziwa, akanionyesha chumba chake.

"Mwalimu, na wewe sina neno," akasema. "Lakini hapa nilifika kama mtu asiyetakiwa, na wakanipa jezi kabla hawajaniona nikicheza. Nikiwaacha sasa, nitakuwa nimewafanyia vile mlivyonifanyia."

Nikamaliza chai yangu. Sikumbembeleza. Njiani nilijikuta najivunia jibu lake, kana kwamba ni mimi niliyemfunza.

Odera naye hakutukimbia. Alimchukua mpakiaji mmoja, Wafula, kijana mwenye mbio asiyejua aupeleke mpira wapi, akakaa naye jioni baada ya jioni mpaka akawa winga wa kutegemewa. Kombe hatukulichukua, lakini watu walianza tena kutoka majumbani kuja kututazama.

Mwaka uliofuata timu ya mkoa, iliyochaguliwa kutoka kampuni zote, ilicheza Nakuru. Kiprono alikuwa kulia, Odera katikati. Kabla ya mapumziko Kiprono alimhadaa beki, akauinua mpira, na Odera akaugonga kwa kichwa mpaka wavuni. Wakakumbatiana kama ndugu. Bwana Welfea alikuwa ameketi kando yangu.

"Hawa wote wawili watu yangu," akasema.

"Ndiyo, Bwana," nikamjibu. "Lakini si kwa wakati mmoja."

Baadaye nilihamishiwa Naivasha, kisha timu ya shamba moja kule Ndabibi, na huko ndiko nilikostaafu. Kila nilipofunza, mkubwa fulani alitaka kutoa kijana ili apate mtu mwenye jina. Wengine niliwakubalia, kwa kuwa timu haiwezi kuishi kwa kungoja tu. Ila kabla ya kukubali, nilikwenda mwenyewe kumwuliza huyo mwenye jina: ukija kwetu, ungependa kucheza na nani?