Mshahara wa Miguu, Mshahara wa Mikono

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa miguu. Kampuni iliyoniajiri ilitengeneza gemu la watu waliokimbia vita na kuvuka nchi nzima kwa kutembea, na mimi, chumbani kwangu Gombani, kisiwani Pemba, ndiye niliyewafanya watembee. Mchezaji akibonyeza kitufe, mzee wa kwenye kioo anainua mguu, anautua, tope linamvuta, anayumba kidogo, anajiweka sawa. Hayo yote ni mimi. Mwendo wa mzee yule niliutoa kwa shangazi yangu. Nilimrekodi kwa simu akirudi shamba na tenga kichwani, naye akataka kujua kwa nini nampiga picha miguu na kuuacha uso wake ambao, kwa maneno yake, bado una soko.

Mikono ilikuwa ya mwenzangu mmoja aliyeko Ulaya, mji ule ule wenye ofisi kuu. Tulianza mwezi mmoja, tulikuwa daraja moja, na tulizungumza karibu kila siku, maana mikono yake ikishika mzigo, miguu yangu lazima ijue uzito wake. Alikuwa mlalamikaji hodari, wa kulalamika mpaka ukacheka. Siku moja aliilalamikia kodi ya nyumba, akaulalamikia mkate, na katikati ya malalamiko akautaja mshahara wake, kama mtu anavyotaja saa.

Ulikuwa zaidi ya mara tatu ya wangu. Nilijifanya intaneti imekatika, nikazima kamera, nikakaa nikiutazama ukuta.

Naomba nieleweke, sikuwa mshamba wa mambo haya. Nilikuwa nasoma mtandaoni jinsi watengenezaji wa gemu wa kila nchi wanavyolinganisha mishahara. Mbrazili anasema fedha hiyo kwao ingemweka mtu pazuri, Mmarekani anajibu kwamba kwao haipangishi hata banda la gari, Mhindi anawacheka wote wawili. Niliyasoma kama mtu anavyosoma habari za mvua ya nchi nyingine. Sikuwahi kudhani nami nimo.

Nilimwandikia meneja, naye akanipigia. Alikuwa mtu mpole sana, wa kukuuliza kwanza kama umelala vizuri. Akanionyesha jedwali lao, na akaniomba nisimwonyeshe mtu. Dunia nzima ilikuwa imegawanywa makundi manne. Pemba haikuwemo. Tanzania ilikuwemo, kundi la mwisho, ila Dar es Salaam iliyopandishwa kundi moja juu. Anayeishi mahali ghali, akaeleza, hulipwa zaidi, na anayeishi mahali rahisi hulipwa pungufu, ili mwishowe sote tuishi sawa.

"Na wewe mwenyewe ulituambia," akasema, akafungua faili langu, akanisomea. Siku ya usaili niliulizwa gharama za maisha ya huku zikoje. Jibu langu lilikuwa limeandikwa lote. Tunamshukuru Mungu, hatuna shida, nyumba ni ya mama, muhogo na ndizi tunatoa shambani, samaki anatuletea mjomba.

Niliyasema, siwezi kukataa. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha na paa letu lilikuwa linavuja, na ndoo ya kukinga maji ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kamera. Niliisogeza kwa mguu isionekane, nikatabasamu, nikamwambia mtu wa watu kwamba hatuna shida. Ndivyo nilivyolelewa. Mgeni akikuuliza hali, hali ni njema. Mwanamke wa huku akimwambia mgeni kwamba chungu chake hakina kitu, amemvua nguo mama yake. Wale watu walinikuta nimejisitiri, wakaichukua sitara yangu wakaipigia hesabu ya mshahara. Hilo liliniuma kuliko fedha yenyewe. Damu ilinichemka, na mpaka leo nikilikumbuka haijapoa.

Muhogo ni wa shambani, sawa. Lakini gemu halitengenezwi kwa muhogo. Kompyuta yangu ilinunuliwa nje, ikalipiwa ushuru Dar es Salaam, ikapandishwa boti mpaka Unguja, ikangoja boti nyingine ya Pemba, na ilipofika Gombani bei yake ilikuwa imeipita mbali ya mwenzangu, tena kwa kompyuta ya chini kuliko yake. Nalipia bando la mitandao miwili kwa sababu mmoja ukipigwa na mvua hufa. Nina sola na betri kwa sababu umeme wetu hauniulizi nina kikao saa ngapi. Feni ya ile kompyuta ilipokufa hapakuwa na fundi Chake Chake aliyekuwa na spea yake, nikapanda nayo ndege nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Ya mwenzangu ilipokufa alivuka barabara akanunua nyingine, akarudi chai yake haijapoa. Alinisimulia mwenyewe, akilalamika kwamba ilikuwa baridi huko nje.

Na gemu lenyewe lilipotoka liliuzwa bei moja kwa wote. Niliangalia kwa makusudi. Mtu wa Gombani akitaka kutembea kwa miguu niliyoitengeneza Gombani, analipa sawa na mtu wa mji wa ofisi kuu. Hapo hapakuwa na makundi manne.

Mkataba mpya ukaja, miaka mitatu mingine, kundi lile lile. Nilipewa wiki mbili niutie saini. Mimi ndiye peke yangu nyumbani mwenye mshahara wa kila mwezi, na nusu ya paa letu ilikuwa tayari na bati mpya kwa fedha hiyo hiyo. Nikisaini, nimekubali kwamba kazi yangu ni theluthi ya kazi. Nikikataa, sina kazi kabisa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Nilimfuata mama shambani kwake, upande wa Konde, nikamkuta ukumbini na majamvi, anawapimia wachumaji kazi yao ya siku kwa pishi. Wengine walikuwa wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Nikakaa, nikachambua nao, na wachumaji walipokwenda kuswali alasiri nikamweleza kila kitu.

"Wataka kuipiga teke riziki?" akasema mama. "Nusu ya paa ina kutu vile. Tia saini, mwanangu. Ntu hushukuru kidogo alichopewa."

"Mama, yule mchumaji wa Tanga kapanga chumba, chakula ananunua. Huyu wa hapo jirani analala kwao, mamake anampikia. Mbona kila pishi unawalipa bei moja?"

Mama alinitazama kama niliyemtukana. "Kwani mie nawalipa usingizi? Nawalipa karafuu."

"Basi na mie nataka nilipwe miguu."

Alimimina pishi moja, akalipapasa juu kulisawazisha, akamimina la pili. "Hao wazungu wako," akauliza, "walikuuliza walala wapi?"

"Waliniuliza. Nikawaambia nyumba ni yetu, hatuna shida."

"Hapo ulisema vyema," akasema mama, na uso ukamng'aa kwa fahari. Kisha fahari ikamtoka. Akaliweka pishi chini, akasonya, sonyo refu ambalo nilikuwa sijalisikia kwake tangu utotoni nilipovunja birika ya wageni.

"Usitie saini," akasema.

Nilipozungumza na meneja alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasifu miguu yangu, akasema wachezaji wanaiandikia barua. Nikamwambia barua hazinunui betri. Akasema kuna njia. Nikihamia Dar es Salaam napanda kundi moja. Nikihamia mji wao, napata mshahara kamili, ule ule wa mikono.

"Nikihama, mwendo wa mzee utabadilika nini?"

"Hautabadilika," akasema. "Lakini sera ndiyo hiyo."

Nikamwambia piga ua, sisaini. Niliogopa. Mwenye kusema kwamba anaacha mshahara bila kuogopa, labda ana mishahara miwili.

Akaniomba nimalizie mwezi kwa kumfundisha atakayechukua nafasi yangu. Alikuwa mwanamke wa Ufilipino, mwepesi wa kushika, mwenye adabu, naye hakuwa amesaini bado. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini naondoka kwenye kazi nzuri kama hii. Nyumbani kwetu nilifunzwa kwamba kuna vitu viwili mtu hamwambii mtu, kilichomo chunguni na kilichomo mfukoni. Mdomo uliniwia mzito kweli. Nikamtajia mshahara wangu.

Naye akanitajia ule aliokuwa ameahidiwa yeye. Ulikuwa pungufu ya wangu, na alikuwa ameambiwa kwamba kwa kazi ya miguu hakuna aliyewahi kulipwa zaidi. Nikampigia mwenzangu wa mikono, nikamwomba ruhusa ya kuutaja na wake. Akasema nikitaka niutangaze kwa kipaza sauti cha msikitini, maana yeye hajui hata kwa nini ni siri. Nikautaja.

Kesho yake yule mwanamke hakuingia kazini. Aliwaandikia kwamba kwa bei ile hasaini.

Wiki tatu nzima sikusikia neno. Niliuza betri moja. Mama hakunilaumu hata siku moja, na kutolaumiwa kulinitesa zaidi. Ndipo meneja akapiga simu, na safari hii hakuniuliza kama nimelala vizuri. Gemu la pili lilikuwa limekwama. Lina farasi na ngamia, miguu minne minne, kazi ya watu wawili, na hawana hata mmoja.

"Bei yako ni ngapi?" akauliza.

"Ile ya mikono."

"Lakini bado uko Pemba."

"Niko Pemba, na sihami."

Mkataba ulifika siku mbili baadaye. Fedha ilikuwa ile ile ya mikono, haina kundi, haina punguzo. Niliisoma tarakimu ile mara nne, nikamwita mama aione ingawa hasomi Kiingereza. Akasema kwa hiyo fedha na jirani tungemwezekea. Barua ya meneja ilisema ananitakia kheri, na kwamba yule mwenzangu wa Ufilipino naye watazungumza naye upya, watamtafutia kiwango kinachofaa maisha ya huko kwao. Na ukurasa wa mwisho wa mkataba ulikuwa na kipengele ambacho ule wa zamani haukuwa nacho. Mfanyakazi hatamtajia mtu yeyote mshahara wake, na akimtajia, mkataba umevunjika.

Sitajifanya shujaa. Niliitaka fedha ile. Nilijiambia kwamba kunyamaza tu si dhambi, kwamba nimeshanyamaza maisha yangu yote na wala sikufa. Nikanyanyuka, nikapasha chai, nikairudia kompyuta. Nikakipiga mstari mwekundu kipengele kile tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, nikatia saini chini yake, nikawarudishia.

Kabla hawajanijibu, nikampigia yule mwanamke. Nikamwambia achukue kalamu, nikamtajia tarakimu moja moja, polepole, naye akazisoma zote kwa sauti nihakikishe amepata sawa.