Povu Lisilo la Sabuni

Nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka tisa, na wa kunifundisha kumsuuza farasi hajazaliwa. Ndiyo maana damu ilinichemka asubuhi ile, bandani kwetu huku ughaibuni, nje kidogo ya Al Warqa, madam, mwajiri wangu, aliposhuka kwenye farasi wake na kunionyesha povu jeupe shingoni, pale hatamu zinaposugua. Alisema namwachia shampuu mwilini, ndiyo maana ngozi inamwasha. Alisema hayo mbele ya wenzangu wote, akaongeza kwamba kufikia Alhamisi atakuwa na mtu mwingine. Viza yangu ilikuwa mkononi mwake.

Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja alinivuta kando. "Wewe sema sorry tu, bana. Yaishe."

Nilikataa. Ukiomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, kesho utabebeshwa jingine.

Kesho yake alikuja daktari wa mifugo kuiangalia ngozi ile. Kabla hajafungua mkoba, nilimpa madam chupa ya shampuu aishike yeye mwenyewe, nikamwogesha farasi kwa maji matupu, nikamkausha, kisha nikamzungusha uwanjani kwa kamba mpaka akalowa jasho. Povu likarudi palepale. Nikalichota na kulisugua kiganjani, likaumuka. Halafu nikajipangusa paji la uso, maana na mimi nilikuwa nachuruzika, nikasugua kiganja cha pili. Hapakutoka kitu, maji ya chumvi tu.

Daktari alicheka. Alieleza kuwa jasho la farasi lina protini inayofanya kazi kama sabuni: hulisaidia jasho kupenya manyoya yenye mafuta, likasambaa na kukauka, mnyama akapoa. Alisema wapo hata vyura wanaotaga mayai ndani ya povu lenye protini za aina hiyo, na watafiti wanajaribu kuona kama linaweza kubebeshwa dawa ya vidonda vya moto. Nikakumbuka mapovu yaliyoning'inia kwenye matawi juu ya dimbwi, kwetu Morogoro. Utotoni tuliyatungua kwa mawe. Kumbe tulikuwa tunapiga mawe duka la dawa.

Na ngozi je? Daktari alimkagua mgongo, akakichukua kitambaa kipya cha chini ya tandiko, akasema ndicho kinachomwasha. Kitambaa hicho alikinunua madam.

"Khalas, yameisha, rudi kazini," madam aliniambia.

Sikuondoka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

"Madam, ulinisema mbele ya watu. Naomba unisafishe mbele ya haohao."

Mkenya aliinama akajifanya anafunga kamba za buti. Madam akawageukia wenzangu na kusema kwa sauti ndogo kwamba farasi alisuuzwa vizuri, kosa halikuwa langu.

Nikamwambia wale wa kule nyuma hawajasikia.

Akarudia.