Anawashonea wengine kumbukumbu, gauni la mkewe liko Madimba

Saa mbili asubuhi, Mikindani. Abeid Asadi anafungua mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, anaingiza pua ndani, kisha anaufunga upesi kama mtu aliyefunua wali kabla haujaiva.

"Nguo imefuliwa?" anauliza.

"Haijafuliwa, fundi. Tangu aivue sijaigusa," anajibu Happiness, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mtwara.

Ndani ya mfuko kuna shati la kaki la baba yake, aliyekuwa mlinzi wa usiku hadi alipofariki Machi mwaka huu. Happiness anataka mto wa kulalia. Vifungo vibaki mbele, na mfuko wa kifuani usiguswe, maana humo baba yake alikuwa akimwekea karanga kila alfajiri alipotoka lindoni.

"Usihofu, mwanangu. Mzee wako humu bado yumo," Abeid anamwambia. Happiness anageukia barabarani na kufuta macho kwa ncha ya mtandio.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina Abeid, mwenye umri wa miaka 58. Barazani kwake, kwa cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, anageuza nguo za marehemu kuwa mito, wanasesere wa watoto na shuka za viraka. Katika miaka mitatu ameshona mito zaidi ya mia moja. Nguo za mkewe mwenyewe, Mwanakombo, hana hata kipande cha kufungia kidole.

Mto mmoja ni Sh15,000. Mwezi mzuri anapata mito sita au saba, na siku zilizobaki anaishi kwa sare za shule na zipu zilizokatika. Kwenye sare, Abeid ni fundi kama mafundi wengine wote: ukiambiwa Ijumaa, usiulize Ijumaa ipi. Mito ndiyo haichelewi, na majirani wamekwisha kuliona hilo.

"Mmoja suruali yake niko nayo tangu Ramadhani," anasema akicheka. "Ananiambia, 'Fundi, kumbe mpaka nife ndiyo unishonee?'"

Namna yake ya kushona aliifikia kwa kosa. Mteja wa kwanza alikuwa Farida, mjane wa mjini Mtwara, aliyemletea kanzu ya mumewe na kumwomba aigeuze mto. Abeid aliipokea kwa heshima zote. Akaifua kwa sabuni ya unga, akaisuuza mara mbili, akaianika na kuipiga pasi ndipo akaikata. Huku pwani nguo za marehemu hufuliwa kwanza kabla ya kugawiwa, na yeye hakuona njia nyingine ya kumstahi mwenye nguo.

Farida alipokuja kuuchukua, aliuweka mto usoni, akakaa hivyo muda mrefu.

"Hakunigombeza," Abeid anakumbuka. "Alisema tu, 'Fundi, umemfua mume wangu.' Akalipa, akaenda zake. Mpaka leo nikimwona njiani nainamisha kichwa."

Tangu siku hiyo haifui nguo wala haipigi pasi, kwa kuwa anaamini moto hufukuza harufu. Mshono anaulaza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukosi, ambao hubeba jasho la shingo, anauweka upande wa shavu la atakayelalia. Ndani anajaza sufi.

Ila maneno ya Farida yalimchoma kwa sababu nyingine. Mwaka mmoja kabla yake, Mwanakombo alikuwa amefariki baada ya kuugua wiki mbili tu. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuvaa gauni lililoshonwa na mkono mwingine.

Siku ya arobaini walikuja ndugu zake wa kike kutoka Mahurunga. Walifua magauni, wakayaanika uani, wakayakunja na kugawana, mengine wakayatenga kwa ajili ya sadaka. Abeid alikuwa nje na wanaume, akinywa kahawa.

"Nguo za mwanamke zinagawanywa na wanawake wenzake, ndivyo tulivyokuta," anasema. "Sasa mwanamume mzima uingie ndani kuomba gauni? Niliyaona yakipita mlangoni kwenye beseni, ishirini na tatu. Nikajiambia, nguo ni nguo, nitashona nyingine. Nimshonee nani?"

Anamaliza swali lake na kukanyaga cherehani, ingawa chini ya sindano hakuna kitambaa.

Kazi ya mito iliposhika kasi, baadhi ya watu walianza kunong'ona kwamba anachezea vitu vya wafu. Abeid alikwenda kwa mwalimu wa madrasa ya mtaani kwake kuuliza. Alijibiwa kwamba nguo za marehemu ni mali ya warithi, na warithi wakiridhia kuzishona mto, hapana ubaya.

"Nikashukuru, nikasimama. Naye akaniuliza, 'Kwani wewe za mkeo hukuweka hata moja? Si nawe ulikuwa mrithi? Ungesema tu, wangekupa.'" Abeid anavua kofia, anaiangalia ndani, anaivaa tena. "Nilirudi nyumbani. Siku ile sikushona."

Aliwapigia simu ndugu wa Mahurunga kuulizia hata gauni moja. Magauni waliyoyavaa yalikuwa yamechakaa na kugeuka matambara, na ya sadaka hawakujua yalikoishia. Wao wenyewe waliumia. Walidhani kuyaacha ndani kungemzidishia majonzi.

Mwezi wa tano mwaka huu, msichana mmoja alishuka kwenye pikipiki mbele ya baraza yake. Ni Asia, anayepika na kuuza chakula kwa vibarua kule Madimba, karibu na kiwanda cha gesi. Alikuwa na gauni la kitenge lenye maua ya njano, alilopewa na shangazi yake wa Mahurunga, aliyelipata kama sadaka. Lilimpwaya. Alitaka lipunguzwe ubavuni alivalie harusini.

"Akaniambia, 'Na hili bega la kulia, fundi, lirekebishe. Aliyeshona alikosea, limeshuka.'"

Abeid hakuwa amekosea. Mwanakombo alibeba ndoo za maji tangu utotoni na bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Kila gauni alilomshonea, upande huo aliukata chini kwa nusu kidole ili likimkaa lionekane sawa.

"Watu wote walimwona amenyooka. Mimi peke yangu nilijua," anasema.

Gauni lilikaa kwake siku tatu. Alilinusa. Lilinuka moshi wa kuni na manukato ya msichana wa watu. Alilipunguza kama alivyoagizwa. Ila bega hakuligusa. Asia alipokuja, Abeid alimwambia kitambaa cha pale hakishoneki tena, kingechanika.

"Nilimdanganya. Miaka thelathini na tano ya ufundi nimechelewesha watu, nimekosea vipimo, lakini kumdanganya mteja namna ile sijawahi. Nilitaka mke wangu abaki hivyo hivyo alivyokuwa."

Neno la kuliomba lile gauni halikumtoka. Ni sadaka, na sadaka haidaiwi. Asia naye alikuwa amelifurahia, akajizungusha barazani na kumshukuru sana, ilhali bega moja liko chini. Abeid aliitazama pikipiki mpaka ikapotea.

Sasa amenunua kitenge kipya na kukishona kwa vipimo vya Asia, ambavyo bado anavyo daftarini. Kimekunjwa kabatini tayari. Jumapili ijayo anakwenda Madimba kumweleza ukweli wote, pamoja na ule uongo, na kumwomba wabadilishane.

Akilipata atalishona mto? Abeid anashtuka kana kwamba ametukanwa.

"Nilikate? Hilo silikati. Nitalitundika nilione."

Na Asia akikataa?

Mpita njia anamsalimia, Abeid anaitikia bila kumtazama.

"Itakuwa haki yake," anasema hatimaye. "Lakini ubavuni sikukata kitambaa. Nimekikunja kwa ndani, vidole viwili kila upande. Yule bado msichana. Ataolewa, inshallah atazaa, atanenepa, na gauni litambana. Basi we mwandishi, niandikie hapo: akitaka kulipanua, alilete kwangu. Asimpelekee fundi mwingine."