Tulipoegesha Uani kwa Mshonaji

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tunaishi kwenye karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, mwaka mzima, hutuonea wivu. Hawajui kwamba kazi kubwa ya maisha haya ni kutafuta mahali pa kutulia. Baridi ya Johannesburg hatuiwezi, kwa hiyo ikifika Mei tunateremka pwani, upande wa Durban. Oktoba lazima turudi, maana binti yetu na wajukuu wako hapa Johannesburg, na daktari wa macho wa mume wangu yuko hapa. Na kila Oktoba ni vurugu.

Mwaka juzi tulikuwa tumeahidiwa nafasi katika kambi moja ya makaravani nje ya jiji. Tulipofika, meneja alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatuambia nafasi yetu ina wazee fulani walioamua kutoondoka.

"Lakini ulituahidi," nikasema.

"Eish, mama, na wao niliwaahidi."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyemaliza tatizo.

Binti yetu anaishi ghorofani, na maegesho ya jengo lao yako chini ya ardhi. Karavani letu lisingepita hata mlangoni. Nikampigia simu mshonaji wangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu tunayesali naye, mwenye nyumba na ua mpana kule mtaa wa Observatory.

"Mukuye tu, mama," akasema. "Kwangu iko nafasi mingi."

Nafasi ilikuwepo kweli, ila geti lilikuwa la gari dogo, tena mwisho wa mteremko mkali. Nilimwambia mume wangu ashuke apime kwanza.

"Litapita," akasema.

"Shuka upime, baba."

"Mama watoto, nimeendesha magari tangu hujanijua. Litapita."

Lilipita nusu. Nusu ya pili ikabaki barabarani, nguzo ya geti ikiwa imejikita ubavuni, chini ya dirisha la jiko. Magari yakajipanga nyuma yetu hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, honi juu ya honi. Jirani akatoka kutupiga picha. Mshonaji naye akatoka, pini zimejaa mdomoni, akatazama, akazitema kiganjani na kwenda kumwita mwashi wa mtaa wa pili. Nguzo ikavunjwa, tukaingia.

"Si nilisema litapita?" mume wangu akaniuliza.

Umeme wetu ulitoka jikoni kwa mshonaji kwa waya uliopitishwa dirishani. Alipowasha pasi, friji letu lilizimika, na mshonaji hupiga pasi kutwa. Nilimwaga maziwa hadi nikaacha kuyanunua. Halafu akagundua kwamba kabati letu lina kioo kirefu. Jumamosi moja nilitoka kuoga nikakuta bibi harusi na wasimamizi wake wamejaa kati ya jiko na kitanda, wanajigeuzageuza. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye ninayesuka nywele.

Nilimfuata mshonaji nikiwa bado na taulo kichwani.

"Dada, hii ni nyumba yangu!"

"Najua, mama. Na uwanja ni yangu. Banajitazama kidogo tu, banaenda."

Nikamwambia mume wangu tuhame. Tuhamie wapi, akauliza, na hapo ndipo hasira iliponipanda zaidi. Nilipiga simu kambi zote nilizozijua. Zote zilijaa.

Alasiri moja ya Novemba mvua ya mawe ikatukuta. Mawe yalikuwa makubwa kama ndimu, na madirisha ya paa letu ni ya plastiki. Mume wangu hakuwa amefika kwenye ngazi mshonaji akawa ameshapanda juu na magodoro yake, sufuria kichwani, akinipigia kelele nimrushie mablanketi. Mawe yalipokwisha, mkono wake mmoja ulikuwa umevimba na hakuna dirisha lililopasuka. Nilimkanda kwa maji ya moto, na siku hiyo sikumwambia neno juu ya wateja.

Mwishoni mwa Aprili tulipomuaga, alikaa kwenye kidato cha mlango wetu akanuna.

"Na bibi harusi ya Juni, nitamweka wapi? Acheni karavani, mupande basi."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Tulibishana chai nzima. Mwishoni nikamwambia wazi kwamba tutarudi kila Oktoba, mradi anunue kioo chake na aning'inize pazia barazani. Akataka nasi tuingie na friji la gesi. Tukapeana mikono.

Alitimiza, nasi tukatimiza, na sasa ua ule ndio kwetu wakati wa joto. Wiki iliyopita alinijulisha, si kwa kuniomba, kwamba dada zake wawili wanakuja Krismasi kutoka Bukavu, na kwamba amewaambia watalala kwetu. Karavani lina kitanda kimoja. Nimemwambia hivyo mara nne.

"Tutabanana, mama," ananijibu, na kurudi kwenye cherehani yake.