Siku Ulimi wa Katuma Ulipogusa Pua ya Kiboko

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu alinikabidhi kamera na mkanda mmoja wa filamu. "Kijana, humu mna picha thelathini na sita," akasema. "Usije kuniomba ya thelathini na saba." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikidhani kupiga picha za wanyama ni kulenga na kubonyeza. Nyie wa simu hamtaelewa: mkanda ukiisha tuliupeleka Mpanda mjini, ukapanda treni hadi Tabora kusafishwa, na kosa la mwezi huu ulilikuta mwezi ujao.

Nilipangiwa kituo cha Ikuu, ndani ya hifadhi, pamoja na askari wa wanyamapori aliyeitwa Mzee Kalolo, Mpimbwe mcheshi, mwenyeji wa huko. Kazi yake ilikuwa kunilinda, lakini alichonifundisha ni kungoja. Nikilalamika kwamba chui hatokei, alinijibu, "Mnyama hajaajiriwa, bwana mdogo."

Kiangazi Mto Katuma hukauka, na viboko hurundikana kwenye madimbwi ya tope, mgongo juu ya mgongo. Mvua ikinyesha mbali huko juu, mto hurudi wakati kwetu jua bado linawaka. Hauji kwa kishindo. Hutangulia ulimi mwembamba wa maji, wenye povu na majani makavu, ukitambaa juu ya mchanga. Kalolo aliwahi kuuona ukimgusa kiboko puani, naye akainuka. Mkewe, Mama Veronika, aliyekuwa akilima kwao Kasokola, hakuamini. "Mto unatambaa? Una magoti?" alimcheka mbele ya wageni. Ndiyo maana Kalolo aliitaka picha hiyo kabla hajastaafu, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho.

Asubuhi ya siku yenyewe tulimkuta simba amepanda mti. Nikaanza kumpiga picha.

"Mwache huyo," Kalolo akaninong'oneza. "Simba hata kesho wapo."

"Bosi atafurahi, mzee."

Nilimpiga mpaka zikabaki picha tatu. Alasiri viboko wakageuza masikio upande mto unakotokea, na ulimi ukachomoza kwenye kona. Kiherehere kikanishika. Nikapiga ungali mbali, nikapiga tena, nikapiga tena. Ulipomfikia dume kubwa puani, akainuka, na tope likabanduka mgongoni kama udongo wa ukuta mkongwe. Nikavuta mkanda, ukagoma.

Kalolo akavua kofia. "Umepiga maji, bwana mdogo. Maji hata Kasokola yapo."

Hakunisema tena, na hilo ndilo lililoniuma. Mhifadhi alimpenda sana simba wangu, akambandika ofisini. Kila nilipopita pale nilitazama pembeni.

Zilipokuja kamera za kidijitali, hatukuhesabu tena picha, lakini mto haukubadili utaratibu wake. Mwaka mwingine ulikuja usiku, mwingine mimi nikiwa semina. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliuona ukija, nikatoa kabisa kidole kwenye kitufe hadi ulipogusa pua, ndipo nikabonyeza.

Juma la kwanza la kustaafu nilipanda bodaboda kutoka kwangu Kawajense hadi Kasokola, picha ikiwa kwenye bahasha. Kalolo, aliyepita miaka tisini sasa, alikuwa barazani. Macho yalikuwa yamemwishia; hakunitambua mpaka nilipomwamkia. Vijana huniuliza siri ya kazi hii. Ni kuwahi kufika na kutokuwa na haraka ya kubonyeza. Kwa Kalolo nilifanya kinyume, yote mawili: nilibonyeza mapema, nikafika nimechelewa.

Mama Veronika akaipokea picha, akaiinamia.

"Sema basi," mumewe akamhimiza.

"Unatambaa," akasema polepole. "Baba Veronika, unatambaa kweli! Na kiboko kasimama, tope linamdondoka."

Kalolo akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo, kamera unayo?"

"Ninayo yangu ndogo, mzee."

"Zimebaki ngapi?"

"Nyingi."

"Basi mpige huyo mama, kabla hajaanza kubisha tena."

Nikainua kamera. Mama Veronika alikuwa bado ameiinamia ile picha. Nikasubiri ainue uso.